Glavu Isiyolia

Kwa mujibu wa Bi. Darlene Kubiak, mambo yalikwenda hivi.

Alikuwa nyuma ya nyumba yake akimwagilia michungwa. Upande wa pili wa ukuta, yule Mjapani alikuwa akirusha mipira, na mzee mwenye kofia ya majani alikuwa akidaka. Mwanzoni hakusikia kitu, akadhani wanapiga soga. Halafu ndiyo ikaanza. Paa! Paa! Paa! Kama bunduki. Mbwa wake akakimbilia chini ya kitanda. Mara mlio ukakoma, zikaja kelele za ugomvi, kikafuata kishindo, kisha kimya. Bi. Kubiak akatafuta ndoo, akapanda juu yake, akachungulia. Mzee yuko chini. Mjapani kasimama pembeni yake, mpira mkononi.

"Mzee kamwambia hafai, naye kamtwanga na mpira kichwani," alisema. "Andika hivyo hivyo."

"Ulimwona akimrushia?" aliuliza Inspekta Verna Tsosie wa polisi ya mji wa Mesa, Marekani.

"Binti yangu, jirani akikaanga kitunguu, mpaka uchungulie jikoni ndipo ujue?"

"Na aliyekuwa akidaka, ulimwona?"

"Nilimwona mzee akiingia getini na glavu mkononi, anatabasamu kama anakwenda harusini. Nani mwingine angedaka? Mimi?"

Verna alimshukuru, akazunguka ukuta.

Maiti ilikuwa imelala ubavu karibu na bamba jeupe la kupigia, pale mdakaji anapochutama. Ukingo wa zege uliozunguka bamba ulikuwa na damu. Glavu ya marehemu ilikuwa juu ya benchi, pembeni ya chupa yake ya kahawa. Walt Hendershot alikuwa msaka vipaji wa klabu ya Wachimbaji, na mji mzima wa besiboli ulimfahamu. Vijana wa klabu walipima warushaji kwa kamera na kompyuta. Walt alivaa glavu, akachutama na magoti yake mabovu, akadaka mwenyewe. Akisema ndiyo, mtu alisajiliwa. Akisema hapana, mtu alirudi kwao.

Na mtu ambaye Walt alikuja kumpima safari hii alikuwa Kazuma Onodera, mrushaji kutoka Osaka. Mkataba wake wa kwao ulikuwa umekwisha. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mchezaji huru, anaweza kwenda popote atakapotakiwa. Lakini umri ulikuwa umemfikisha mahali ambapo bega halisubiri mwaka mwingine.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, barafu imefungwa begani, maji yanamchuruzika hadi kiunoni. Hakuyafuta.

"Nani alidaka?" Verna alimuuliza.

"Mzee Walt."

"Muda wote?"

Aliisogeza barafu begani. "Muda wote."

"Mligombana?"

"Hapana. Aliniambia niingie ndani niweke barafu. Nikasikia kishindo. Nikatoka."

"Ulipotoka, nani alikuwepo?"

"Mzee. Chini."

"Na nani mwingine?"

"Mzee tu."

"Kwa nini uliokota mpira?"

Onodera aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba si wake. "Sijui. Kila mara nikiona mpira chini, naokota."

Geti la pembeni likalia. Mwanamume mfupi, mpana wa mabega, aliingia na mfuko wa mchele begani na samaki kwenye gazeti. Alipowaona polisi, mfuko ulimteleza, ukaanguka. Huyo alikuwa Shigeru Muraoka. Alikuwa amemdakia Onodera tangu wako sekondari, yeye akiwa mbele kwa darasa moja. Kokote alikokwenda Onodera, Muraoka alikwenda: kumdakia mazoezini, kumpikia, kumsaidia kwa Kiingereza alichojifunza kwenye redio.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza Verna.

"Dukani. Kazuma lazima ale wali."

"Glavu yako iko wapi?"

"Osaka."

"Mdakaji amekuja Marekani bila glavu?"

"Mzee Walt alisema atadaka mwenyewe. Kwa hiyo mimi, mpishi." Alitabasamu, akaubeba mfuko, akauweka kando ya mlango wa jikoni.

Verna aliona kitu kimoja akakiweka moyoni. Onodera hakumtazama mwenzake hata mara moja.

* * *

Kesho yake asubuhi daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu.

"Sahau habari ya mpira," alisema. "Mpira wa besiboli ukimpiga mtu kwa kasi ile, mshono wake unaacha alama kwenye ngozi. Hapa hakuna. Kichwa kimegonga ukingo wa zege. Amesukumwa, akaenda kinyumenyume."

"Amesukumwa kwa mikono?"

"Mkono mmoja, na umevaa kitu. Kifuani pana alama ya duara, pana na laini. Na kwenye shati kuna mafuta ya kulainishia ngozi ya viatu au glavu. Mabichi kabisa."

Verna alitoa glavu ya Walt kwenye mfuko wa vielelezo. Ilikuwa kavu kama gome la mti, imelegea, imepasuka kwenye kidole gumba. Mafuta hayajaigusa miaka.

Aliivaa, akaupiga mpira ndani yake kwa nguvu zake zote.

*Pf.*

Akarudia. *Pf.* Kama mtu anayekung'uta mto.

Akaipeleka uwanjani kwa Wachimbaji. Mdakaji wa klabu, Escalante, alipoiona alivua kofia.

"Hiyo bwana! Tulikuwa tunaiita kitambaa cha kudekia," alisema, macho yamemlowa. "Alitoa pamba yote ya ndani makusudi. Alikuwa anasema mlio unawadanganya warushaji."

"Unawadanganya vipi?"

"Mpira ukitua vizuri kwenye ngozi ngumu, unalia paa. Mrushaji akisikia hivyo, anajiona simba. Sisi huku tunadaka tu, ikilia imelia. Wajapani kwao ni kazi kamili, Inspekta. Mdakaji wa mazoezini anaipaka glavu mafuta, anaikanda, anajua mahali hasa pa kupokelea mpira ili ulie. Asipoliza, wanamwambia humpendi mrushaji wako."

Verna alisimama pale pale, mkono bado ndani ya glavu. Masikioni mwake alimsikia Bi. Kubiak. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu paa, paa, paa.

Kwa alichosikia, mama yule alikuwa amesema kweli tupu. Kosa lake lilikuwa jina tu: aliyeiliza ile glavu hakuwa Walt.

Mlangoni alikutana na Colby Reinholt, mkuu wa usajili, mtu wa suti nyembamba na simu mbili.

"Inspekta, unamkamata au humkamati? Mimi leo jioni naweka jina mezani. Kama si Onodera, nina mwingine anasubiri hotelini."

"Na Onodera?"

"Atarudi kwao. Na jina lake likiwa na harufu ya maiti, hata kwao nani atamgusa?"

"Walt alisema nini juu yake?"

"Alikufa kabla hajasema." Reinholt alipapasa tai yake. "Ndilo linaloniua. Kamera zangu zinasema ndiyo. Lakini sijawahi kusajili mrushaji bila Walt."

Verna alifikiri kidogo. Alikuwa na mlio, alikuwa na mafuta kwenye shati, lakini glavu yenyewe hakuwa nayo. Askari walikuwa wamepekua nyumba, hawakuiona. Na marafiki wawili wale wangefunga midomo mpaka kiama.

"Mpime leo," alisema. "Pale pale nyuma ya nyumba. Mdakaji aje Escalante, na glavu ni hii."

* * *

Jua lilikuwa kali kwa siku ya Januari. Escalante alichutama na kitambaa cha kudekia mkononi. Reinholt alisimama nyuma yake na rada ya kupimia kasi. Muraoka aliegemea ukuta, mikono mfukoni. Juu ya ukuta kilionekana kichwa cha Bi. Kubiak, maana ndoo yake alikuwa hajairudisha stoo.

"Leo mniambie kabla ya kuanza, nimfungie mbwa," alisema.

Onodera alipanda kilima kidogo cha kurushia, akainua mguu, akarusha.

*Pf.*

Akarusha tena. *Pf.* Mpira wa tatu ulipita juu ya kichwa cha Escalante. Wa nne ulipiga chini, ukatimua vumbi. Kila baada ya mpira Onodera alisikiliza, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama. Bega likaanza kushuka.

"Kuna nini?" Reinholt alinong'ona. "Huyu siye niliyemwona kwenye video." Baada ya mipira michache zaidi aliizima rada.

Muraoka alitoa mikono mfukoni.

"Mwongezee muda," alisema.

"Nimeona ninachohitaji kuona, rafiki yangu."

"Hujaona kitu! Mwongezee muda!"

Verna alimsogelea, akazungumza kwa sauti ya chini. "Mdakie wewe. Glavu hii ya Walt ipo. Au yako. Utachagua mwenyewe."

Muraoka alimtazama machoni. Verna hakukwepesha. Pale, bila neno jingine, kila mmoja alijua anachokijua mwenzake. Akichukua kile kitambaa, mlio hautakuwepo, na ushahidi hautakuwepo.

"Kaka," Onodera aliita kutoka kilimani. "Usifanye. Acha. Turudi nyumbani tu."

Muraoka aliinama kwenye mfuko wa mchele uliokuwa bado kando ya mlango wa jikoni. Akauchana kwa meno mshono alioushona upya mwenyewe. Akatumbukiza mkono hadi kiwiko, akaitoa: glavu nyeusi, nene, inang'aa kwa mafuta, punje za mchele zimeganda juu yake kama theluji. Akaipangusa kwa kiganja, taratibu. Akachutama nyuma ya bamba, akaifungua.

"Haya, simba," alisema. "Mguu juu. Usinilaze njaa."

PAA!

Kichwa cha Bi. Kubiak kiliruka. "Huo! Ndio huo! Huo ndio niliousikia!"

PAA!

Reinholt akaiwasha rada.

"Simba kaamka!" Muraoka alipiga kelele. "Wamepona waliokaa mbali! Tena!"

PAA!

Onodera alikuwa akilia, na mipira ilikuwa ikitoka mkononi mwake kama imetumwa na shetani. Mmoja ulikata kona na kuzama miguuni, Muraoka akaupokea bila kutikisika. Verna angeweza kusimamisha wakati wowote. Hakusimamisha. Alingoja mpaka Muraoka mwenyewe aliposimama, akaivua glavu, akaja kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii hapa," alisema.

"Sema."

"Mzee alidaka kwanza. Kazuma akarusha vibaya, kama hivi leo. Mimi sikuvumilia. Nikachukua glavu yangu, nikadaka, mzee akakaa benchi akatazama. Kazuma akarusha vizuri. Nikafurahi, nikajua tumepita."

"Halafu?"

"Akamtuma Kazuma ndani, barafu. Akaniambia, nitawaambia wamchukue. Nikamwinamia kumshukuru. Bado nimeinama, akasema, lakini wewe urudi kwenu. Ukiwepo, anarushia masikio yake. Ajifunze kurusha kwenye kimya. Nilimpigia kelele, mimi ndiye niliyemfikisha hapa. Akasema, ndiyo, na hapa ndipo unapoishia. Akanishika bega, kwa upole kabisa. Ule upole ndio sikuuweza. Nikamsukuma. Glavu ilikuwa bado mkononi."

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilikusudia anyamaze."

"Na wewe?" Verna alimgeukia Onodera.

"Nilipotoka alikuwa amesimama hapo, glavu mkononi," Onodera alijibu. "Nikamwambia, nenda dukani. Kanunue mchele. Mimi nitasema nilikuwa peke yangu."

"Ungefungwa wewe."

"Yeye amedaka kila kitu nilichomrushia, Inspekta. Nilitaka nidake kimoja."

Reinholt alikuwa amesimama, simu zote mbili zinatetemeka mfukoni bila kushikwa. Sasa alikuwa amepata jibu la Walt, sehemu zote mbili, ndiyo na lakini. Na ameyaona yote mawili kwa macho yake.

Konstebo alimfunga Muraoka pingu, akampitisha geti la pembeni, akamkalisha kwenye gari. Geti na dirisha vilikuwa wazi. Kutoka pale aliiona sehemu ya kurushia yote, kilima mpaka bamba.

"Kazuma!"

Onodera aligeuka.

"Rudi kilimani. Bwana yule achukue glavu ya mzee. Mrushie mmoja, ningali hapa nakuona. Rusha hata isipolia. Nakuomba."

Escalante hakungoja kuambiwa. Alivaa kitambaa cha kudekia, akachutama. Bi. Kubiak aliziba mdomo kwa kiganja. Verna alimwashiria konstebo asiwashe gari.

Onodera alipanda kilima. Aliuzungusha mpira vidoleni, akautafuta mshono, akaupata. Akaitazama ile glavu iliyolegea, iliyofunguliwa mbele yake. Wote walingoja. Mguu wake haukuinuka.