Madirisha Mawili ya Jikoni

Siku ile mjinga alikuwa Abdulnasiri, na hakuna haja ya kumtafutia wa kugawana naye. Alisimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya mji wa Dodoma, shati jeupe la ofisini limeshapata mstari wa vumbi kwenye kola, mkononi kashika makadirio ya mafundi watatu. Watu walikuwa wanasukumana kuagiza saruji na misumari. Yeye akaanza kumtangazia muuza duka, ambaye wala hakumuuliza:

"Hawa wawili wezi. Mtazame huyu Yotham: nyumba ileile, nusu ya bei. Kazi nampa yeye."

Nyuma yake alisimama mwanamke wa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya ndimu, futi kamba imemning'inia shingoni kama mkufu. Akachungulia karatasi juu ya bega la Nasiri bila kuomba ruhusa.

"Samahani, kaka yangu. Hapo juu pameandikwa nini?"

"Ufundi."

"Na kwa hao wezi?"

Nasiri akasoma. "Ufundi na vifaa."

"Basi huyo wako atakuja na mwiko wake na njaa yake. Tofali, saruji, nondo, mpaka maji ya kukorogea, utaleta wewe."

Duka zima likacheka. Aliyekuwa amebeba mabati aliyatua chini ili acheke vizuri. Nasiri, mtoto wa Tanga aliyelelewa kuwa na jibu la adabu kwa kila mtu, akabaki kuzikunja karatasi zake.

"Usijali," mwanamke akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mimi nilipomjengea mama vyumba vya uani niliingia mkenge huohuo. Nililia nikakosa kitambaa cha kujifutia, na kazi yangu ni kuuza vitambaa."

Jina lake Khairat, mwenye duka la mapazia mtaa wa nyuma. Alipoondoka, Nasiri aligundua kuwa amesahau alichofuata pale dukani.

Tumsamehe. Ofisi yake ilipohamia Dodoma, naye alihamishwa pamoja na meza na makabati. Alipanga chumba Chang'ombe, chenye godoro, feni, na begi ambalo hakuwahi kulifungua lote, kama msafiri anayesubiri kuitwa. Jioni alimpigia mama yake simu mara nyingi hadi mama akauliza, "Mwanangu, huko hakuna watu?" Ndiyo maana akanunua kiwanja Iyumbu. Aliwaambia watu anawekeza. Ukweli ni kwamba alichoka kuishi mahali ambapo akikohoa hakuna anayesema pole.

Kesho yake akapiga namba iliyoandikwa kwenye bango la duka la mapazia.

"Halo, mama mapazia."

"Nani mwenzangu?"

"Mjinga wa dukani."

"Wako wengi. Wewe yupi?"

"Yule mzuri."

"Huyo hakuwepo siku ile," Khairat akasema, na kicheko chake kikajaa chumba chote cha Chang'ombe, mpaka kwenye begi.

Zikafuata jioni za dukani kwake, baada ya wateja kupungua. Walikaa juu ya majora ya vitambaa, makadirio yametandazwa katikati yao, marashi yake yakichanganyika na harufu ya pazia jipya. Khairat alimwagiza awarudie mafundi wote waandike upya, ufundi na vifaa, nyumba ileile. Yotham akabaki na bei nzuri, lakini si ya kutangazia watu.

"Sasa linganisha," Khairat akasema. "Huyu kasahau kupiga rangi. Huyu kaweka milango mingi kuliko vyumba, sijui anakutakia wageni gani."

"Mimi wageni sina, mpenzi."

"Nani kakwambia uniite hivyo?"

"Basi nifute?"

"Nimesema ufute?"

Tatizo likaletwa na Erick, jirani wa meza wa Nasiri kazini, mtu mwenye ushauri juu ya kila jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Usimpeleke mwanamke kiwanjani kabla hamjapatana," alimwambia. "Fundi akimwona mama mwenye nyumba, anajua jiko litabomolewa na kujengwa upya. Anaongeza bei kabisa, ya usumbufu."

Jumamosi wakaenda Iyumbu kukamilisha mapatano na Yotham. Khairat alivaa gauni la kitenge cha zambarau, na Nasiri akamshikia mwamvuli huku utosi wake mwenyewe ukiungua. Yotham, Mgogo mrefu asiye na haraka, alikuwa akivuta kamba kwenye vigingi. Khairat akasimama palipochorwa jiko.

"Fundi, hapa pawe na madirisha mawili. Kwa upepo wa huku, ukiweka moja moshi wote unakurudia usoni."

Yotham akaacha kamba. "Bosi, huyu ndiye mama wa nyumba hii?"

Nasiri akamkumbuka Erick.

"Aa, hapana. Mpita njia tu, amenisindikiza. Dirisha weka moja, kama ilivyo kwenye ramani."

Khairat alitoka taratibu kwenye kivuli cha mwamvuli, akatembea juani hadi barabarani.

Jioni simu ilipokelewa mara moja tu.

"Ilikuwa mbinu ya bei, mpenzi wangu. Nilitaka isipande."

"Na haikupanda?"

"Haikupanda."

"Basi lala nayo hiyo nafuu."

Msingi ukachimbwa, kuta zikaanza kuinuka, na simu ya Khairat ikaita bila kupokelewa. Nasiri alipita mbele ya duka lake akijifanya ana safari. Aliona mapazia yakipepea mlangoni, aliyeyatundika hakumwona. Jumapili alikwenda kukaa kwenye sebule isiyo na paa, na mfuko wa karanga, upepo ukiingia kila uwazi bila kubisha. Siku moja alisimama kwenye nafasi ya mlango akapiga hodi. Akajijibu karibu. Kisha akatazama huku na huku, asije akawa amesikika, na kilichomuuma ni kwamba hakukuwa na wa kumsikia.

Kila Yotham alipouliza kama azibe ukuta wa jiko upande wa pili, pale Khairat alipotaka dirisha, alimjibu, "Subiri kwanza." Mwishowe fundi akakataa kusubiri. Nasiri akatuma ujumbe: *Kesho ukuta wa jiko unazibwa. Njoo uuone kabla.*

Khairat akaja, mtandio uleule wa ndimu, futi kamba shingoni.

"Nimekuja kuona ukuta," akasema. "Wewe nilishakuona."

"Karibu ndani."

"Mpita njia haingii ndani."

Juu ya ubao wa kupandia ukuta, Yotham alikoroga udongo wa saruji uliokwisha kukorogeka. Nasiri akashusha sauti.

"Nimekosa, Khairat. Lakini nawe elewa. Angejua ni wewe angeongeza. Nilikuwa naiokoa nyumba yetu."

"Yenu na nani?"

"Bosi," Yotham akasema kutoka juu, "samahani naingilia. Ile bei haikuokoka. Mtu anamshikia mwenzake mwamvuli huku yeye anaiva kichwa, halafu ananiambia mpita njia? Nilikuwekea bei ya mwenye mke tangu siku ile."

Nasiri akatazama chini, mahali ulipoangukia utetezi wake.

"Basi niambie niseme nini," akamwambia Khairat. "Nitasema. Kwenu nitakwenda, wazee wa Tanga nitawaleta, Erick nitamhama meza. Niambie tu nianze na lipi."

Khairat akavuka kizingiti kisicho na mlango. Akapita sebule, akaingia jikoni, akavua futi kamba shingoni na kuinyoosha kwenye uwazi wa ukuta.

"Mimi usiniambie kitu. Mwambie fundi jiko lina madirisha mawili. Na akikuuliza nani kasema, safari hii umjibu."