Daftari la Matanga

Fabien alikuwa ameshaweka begi lake juu ya magunia ya unga wakati Emilienne alipomfikia ufukweni. Ilikuwa asubuhi, boti la wachuuzi linapakia kurudi Pweto. Emilienne alivaa nguo yake ya kijani ya kazi, na kichwani kitambaa cheusi cha matanga ya mama yake. Hakuja kuaga.

"Kwa hiyo unakimbia."

"Ninarudi kwetu, Emi. Huku hakuna mutu anashika machela na miye."

"Mpundu alifukuzwa. Colette alifukuzwa. Batu munane, Fabien, na batoto yao. Na weye njo ulipeleka majina yao ku biro ya musimamizi."

Fabien alikitazama kile kitambaa cheusi kana kwamba kuna neno limeandikwa pale.

"Matanga ya mama inaisha lini?"

"Usimutaje mama yangu. Jibu. Ni weye?"

"Kama inakusaidia kulala," Fabien akasema, "sema ni miye."

Akapanda. Mama mmoja mchuuzi, aliyekaa juu ya madumu ya mafuta, aliwaambia kwamba boti bado lina nafasi, basi wapande wote wakagombanie katikati ya ziwa, watu wasisinzie. Wenzake wakacheka. Emilienne alitema mate mchangani akageuka, maana zamu yake ilikuwa imeanza.

Walikuwa wamependana miaka miwili. Fabien alikuwa mbeba wagonjwa katika hospitali moja ya binafsi hapo Nchelenge, upande wa Zambia, Emilienne msafishaji wa wodi ya wazazi. Wote wawili walizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, lakini walifahamiana hapo hapo kazini, siku walipokisukuma pamoja kitanda chenye gurudumu bovu. Wajomba wa pande mbili walikuwa wakae kuzungumza habari ya ndoa. Halafu mama wa Emilienne akafa kule Mununga, na mambo ya ndoa hayasemwi mbele ya mtu mwenye kitambaa cheusi kichwani. Ilibidi wangoje siku arobaini.

Habari ya chama ilianza kwa Mpundu, mfuaji. Sindano iliyosahaulika ndani ya shuka ilimchoma kidole. Aliomba glavu, akaambiwa glavu ni za wauguzi. Ndipo Fabien alipoanza kuwaambia wenzake, mmoja mmoja, kwamba waunde chama cha wafanyakazi. Alikuwa amekwenda hadi ofisi ya kazi Mansa kuuliza, nao wakamwambia walete majina hamsini, kila mtu na saini ya mkono wake.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuyaweka majina. Walinzi walipekua mifuko getini. Emilienne ndiye aliyepata njia. Wafanyakazi walikuwa na daftari moja, wao waliliita kaye ya matanga. Mtu akifiwa, kaye inapelekwa nyumbani kwake, na wenzake wakija wanaandika majina ili siku ya kutoa matanga awapitie wote na kuwashukuru. Mtunzaji wake alikuwa Emilienne, na hakuna mlinzi ambaye angelifungua daftari la wafu. Kwa hiyo kurasa za mbele zikabaki za matanga, na za nyuma zikawa za chama. Waliosaini walioneshwa ukurasa tu, jalada limefunikwa kwa shuka; mahali hapo palijulikana na watu watatu tu, yaani Fabien, Emilienne, na Ireen, muuguzi wa Kibemba aliyejifunza Kiswahili chake kwa kununua samaki.

Majina yalikuwa yamefika thelathini na moja mama alipofariki. Siku chache baada ya mazishi, msimamizi wa hospitali, ambaye wote walimwita kwa heshima Ba Mukuka, aliwaita ofisini watu wanane wa orodha ile, Mpundu na Colette wakiwamo, na kuwafukuza. Fabien aliitwa mara tatu, peke yake, na hakufukuzwa.

Hilo ndilo lililommaliza machoni pa wenzake. Ireen aliapa kwa mtoto wake kwamba hakusema kitu. Basi amebaki nani? Emilienne alimtukana Fabien katika chumba cha kufulia, mbele ya watu wote, maneno ambayo hayarudishwi mdomoni. Tangu siku ile kila Fabien aliposhika machela, mwenzake aliondoka. Na mgonjwa habebwi na mtu mmoja.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumanne. Emilienne alivua kitambaa, akaoga, akafungua daftari ili aandike kwenye karatasi watu wa kuwashukuru. Alipomaliza aliona jina moja limepungua. Alikumbuka vizuri kwamba Ba Mukuka alifika matangani na mfuko wa unga. Alikumbuka pia kwamba aliomba daftari aandike jina la hospitali, naye akampa kwa mikono miwili, akiwa amekaa chini, macho yamevimba, bila kufikiri lolote.

Alipekua tena kurasa za mbele. Halikuwapo. Akapindua nyuma.

Lilikuwa pale, chini ya jina la thelathini na moja. *Mukuka, kwa niaba ya hospitali.* Saini safi, na tarehe ya mazishi ya mama.

Alikaa na daftari mapajani hadi chai yake ikapoa. Halafu akapiga simu.

"Fabien. Ulijua?"

Ng'ambo kulisikika kuku, na mtu anapasua kuni.

"Nilikuwa nasimama nyuma yako siku ile," Fabien akasema. "Nilikuona unamupatia. Nilitaka kunyoosha mukono, nikachelewa."

"Na hukusema."

"Ulikuwa na kitambaa ku kichwa. Mutu wa matanga habebeshwi makosa. Nilisema ningoje iishe, halafu nikuambie polepole."

"Nilikutukana mbele ya batu."

"Nilisikia. Ulitukana muzuri. Hata matusi ya kwetu niliyosahau, ulinikumbusha."

Emilienne alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kuwa kilio.

"Alikuwa anakuita ku biro kwa nini?"

"Kunipa chai. Ananikalisha nusu saa, ananiuliza habari ya ndugu zangu, mulango wazi ili batu baone. Alijua mutanifukuza wenyewe."

"Rudi, Fabien."

"Na machela?"

"Upande ingine nitashika miye."

Jumatano, saa ya mapumziko, Emilienne aliingia chumba cha kufulia na kulifungua daftari juu ya meza ya kupasia nguo. Aliwaambia yote, tangu mikono miwili mpaka simu, akawaambia kwamba Fabien anarudi. Hakuna aliyemlaumu, na hiyo ilimuuma kuliko kulaumiwa. Ireen akasema:

"Ba Emilienne, weye ulikuwa na machozi. Sisi tulikuwa na nini? Tulimwachia mtu machela."

Jioni ujumbe uliingia:

*Boti ya Alhamisi asubuhi. Nitashukia Mununga nimusalimie mama ku kaburi. Yaya Zéphyrin, kaka yangu mukubwa, anafuata Jumamosi, atasema na wajomba wako. Tafuta kitambaa ya rangi.*

Alinunua cha njano. Alhamisi alikwenda nacho kazini, ndani ya mfuko wa nguo ya kijani. Saa nne upepo ulianza kupiga madirisha ya wodi, na akina mama waliojifungua wakaomba yafungwe. Alituma ujumbe: *Mumefika?* Akatuma tena saa sita. Akatuma tena saa nane.

Ijumaa alipigwa simu na namba ya Kongo.

"Emilienne? Miye Zéphyrin, yaya wa Fabien. Uko na mutu karibu?"

"Sema tu, yaya."

"Boti ilibeba sana, mama. Upepo uliikuta katikati. Batu bane hawakutoka mu maji. Yeye tulimupata leo asubuhi. Tunamuzika hapa Pweto kesho, hangoji."

Emilienne aliuliza kama alikuwa na viatu. Hakujua kwa nini aliuliza hivyo. Zéphyrin alisema kimoja.

Alikwenda ofisini kuomba ruhusa. Ba Mukuka alitoa fomu, akamwekea kidole kwenye mstari.

"Hapa kuna mume, mzazi, mtoto. Wewe umefiwa na nani?"

"Na Fabien."

"Ni mume wako?"

"Walikuwa wakae Jumapili, wajomba."

"Basi bado," Ba Mukuka akasema, na kurudisha fomu kwenye droo.

Ilikuwa kweli. Hakuwa mjane. Hakuna nyumba ambayo angekaa sakafuni mwake watu wakaja kumshika mkono. Alichukua ndoo akaendelea na wodi, kitanda cha kwanza, cha pili. Alipofika cha tano, damu ya mzazi imetapakaa chini, alipiga magoti kuifuta na hakuinuka.

Ireen alimkuta pale. Hakumwinua. Alikwenda kwenye kabati la wasafishaji, akatoa daftari, akarudi akakaa sakafuni karibu naye na viatu vyake vyeupe. Alifungua ukurasa mpya wa mbele, akaandika kwa herufi kubwa: *Matanga ya Fabien. Mfiwa: Emilienne.* Akaandika jina lake mwenyewe, likawa la kwanza, akatia saini. Kisha akalipindua daftari hadi kurasa za nyuma, zile za chama. Nyuma alikuwa ameshaandika tangu zamani, basi aliliacha wazi tu juu ya kitanda kitupu.

Mpishi alipita, akasoma, akaandika mbele, akaandika na nyuma. Walikuja wafuaji. Walikuja wauguzi watano waliokuwa wamekataa kabla. Mlinzi wa getini aliuliza kama naye anaruhusiwa, akapewa kalamu. Nsama, mtu wa maabara, alisema waling'oe jina la Mukuka, linachafua orodha. Emilienne, bado chini, alisema hapana, liacheni. Wakaanza chini yake.

Mpundu na Colette walifuatwa nyumbani na Ireen ili wajue kwamba majina yao hayakufutwa. Ilipofika Jumatatu majina yalikuwa hamsini na saba.

Emilienne na Ireen walilipeleka daftari Mansa kwa basi. Karani wa ofisi ya kazi aliyapitia majina kwa ncha ya kalamu, moja moja, akasimama katikati ya ukurasa.

"Huyu Mukuka, naye mwanachama?"

"Hapana," Emilienne akasema. "Huyo alikuja matangani tu."

Karani alipiga mstari mwembamba juu ya lile jina, akahesabu upya. Alisema orodha yenye saini hairudishwi, inabaki kwenye faili mpaka usajili utolewe.

Daftari liko Mansa. Emilienne ana kitambaa cheusi kichwani, leo siku ya kumi na tisa. Yuko zamu ya asubuhi, wodi ya wazazi, na machela ikija anashika upande wa miguu.