Kinga Aliyoikana Ikupa

"Ikupa, kinga ilikuwapo au haikuwapo?"

Swali lilisikika ukumbi mzima wa chuo cha ualimu. Bwana Yanushi, Mpolandi aliyebaki Iringa baada ya wenzake wa kambi ya wakimbizi ya Ifunda kuondoka, alisimama kati ya vijana wawili. Kushoto kwake Yotamu Kalinga, kijana wa Kilolo. Kulia kwake Anyitike, kijana wa Tukuyu, mchumba wa Ikupa. Wote walikuwa wanahema ndani ya vinyago vya waya, na kila mmoja kashika foili, ule upanga mwembamba usio na makali. Walikuwa sare, na pigo hili ndilo lilikuwa la mwisho; mshindi angebaki chuoni kuwa msaidizi wa Bwana Yanushi.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, haumpi ushindi kila anayegusa. Mkigusana wote wawili, linaulizwa swali moja: nani alikuwa na haki? Haki ni ya aliyeanza kushambulia, mpaka mwenzake aukinge upanga wake na kuuondoa njiani. Akishakinga, haki inahamia kwake, na jibu lake ndilo linalohesabiwa. Lakini vyuma kukwaruzana tu si kinga. Ndiyo maana pembeni huwekwa watazamaji, na Bwana Yanushi alipenda wawe wasichana, maana wavulana, alisema, wanaona kwa ushabiki.

Yotamu alikuwa ameshambulia, Anyitike akajibu, na ncha zote mbili zikatua vifuani.

"Nimesikia vyuma," alisema Bwana Yanushi. "Lakini vilikingana au vilikwaruzana? Sina hakika. Lea?"

"Kinga ipo, Bwana," alijibu Lea, rafiki wa Ikupa.

"Na wewe, Ikupa?"

Mtazamaji aliruhusiwa majibu matatu: ipo, haipo, au sina kauli. Ikupa angesema sina kauli, neno la Lea lingesimama peke yake na Anyitike angeshinda. Tena ndiyo ingekuwa kweli, kwa sababu Ikupa hakuona kitu.

Pigo lile lilipokuwa likitoka, mlango ulifunguliwa akaingia Mzee Sedekia, baba yake Anyitike, na vumbi la basi la Mbeya mabegani. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapelekwa kwa kina Ikupa tangu Pasaka. Na kwa Wanyakyusa, ng'ombe wakishaingia zizini, binti hamtazami tena baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina. Ikupa alipouona mlangoni mkongojo wa mzee, ambao Anyitike alimsimulia mara nyingi, aligeukia ukutani upesi, na vyuma akavisikia kisogoni.

Sasa aseme nini? Akisema sina kauli, Bwana Yanushi lazima aulize kwa nini. Amtaje mkwe, na mkwe mwenyewe yupo palepale? Wenzake wa Kihehe na Kibena wacheke, mwalimu mtarajiwa anamkimbia mzee wa watu? Hata ipo, kwa mchumba wake, ingeitwa ushabiki. Neno lisiloulizwa swali lilikuwa moja tu.

"Haipo," alisema, uso kauinamisha.

"Basi," alisema Bwana Yanushi polepole. "Kama mchumba wake mwenyewe amekana, mimi nani nibishe? Shambulio lina haki. Pigo la Kalinga!"

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Na kazi ya kubaki chuoni kuwa msaidizi wa Bwana Yanushi, pamoja na ile nyumba ndogo ambayo Anyitike na Ikupa walikuwa wameshapanga kuoana na kuishi ndani yake mwezi wa nane, ikaenda kwa Yotamu.

Anyitike alimkuta nyuma ya jiko la chuo, peke yake.

"Ikupa, mkono wangu bado unauma kwa kinga ile. Niliusukuma upanga wake mpaka nje ya bega. Hata kipofu angesikia."

Ikupa alikuwa na maneno yote mdomoni. Nilimwogopa baba yako. Niligeuka. Nisamehe. Ni maneno machache hayo. Lakini Anyitike hakumpa nafasi.

"Yotamu amekuahidi nini?"

"Unasemaje?"

"Nakuuliza. Mtu hakani mchumba wake bure."

Damu ikampanda Ikupa. "Kumbe ndivyo unavyoniona! Basi niliona nilichoona."

"Na uliona nini?"

"Niliona umeshindwa!"

Anyitike alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake acheke aseme ni utani. Ikupa hakucheka. Kesho yake asubuhi baba na mwana walipanda basi kurudi Mbeya.

Hasira hasara, lakini hasara haiji siku ileile. Wiki za kwanza Ikupa alitembea kichwa juu. Mahindi yalipoanza kukauka mashambani Ipogolo, alianza kuuacha uji mezani.

"Mwambie ukweli, dada," Lea alimsihi.

"Alisema nimehongwa. Aanze yeye kuomba radhi."

"Sawa, yeye ndiye aliyeshambulia. Lakini na wewe hukukinga, Ikupa. Ulirudisha tu. Mmechomana wote, na hapa hakuna Bwana Yanushi wa kuamua."

"Na kama hataki kunisikia?"

"Utakuwa umesema. Sasa hivi hujasema kitu."

Siku hiyohiyo Ikupa alishuka posta akapiga telegramu kwenda duka la Mbeya alimokuwa akifanya kazi Anyitike tangu aondoke chuoni:

NAKUJA MBEYA IJUMAA. NINGOJE KITUONI. NINA NENO. IKUPA.

Njia nzima alilifanyia mazoezi neno lake. Igawa basi liliposimama, akanunua ndizi za kuchoma akazisahau mapajani. Sikuona kinga, angemwambia. Hapana. Nilimwona baba. Nikageuka kwa heshima yako. Ndiyo, hivyo ni vizuri zaidi. Angeanza na heshima.

Mbeya ilikuwa na baridi na ukungu. Alishuka, akatafuta shati la Anyitike kati ya watu. Badala yake akauona mkongojo anaoujua.

Ikupa alijifunika kanga usoni upesi na kugeukia ubavu wa basi. Akangoja mzee apite, kama wakwe wanavyopishana. Mkongojo haukupita. Ulikuja ukasimama nyuma yake kabisa.

"Ugonile, Ikupa," mzee alimsalimia kwa Kinyakyusa.

Mkwe kuitwa jina na baba mkwe, kituoni, mbele za watu!

"Simu yako imefika," Mzee Sedekia aliendelea. "Mwanangu ameshindwa kuja. Amenituma mimi."

Mwana mwenye akili zake hamtumi baba yake kumpokea mkewe mtarajiwa. Ikupa alilijua hilo kabla mzee hajasema zaidi.

"Baba," alisema, uso bado kwenye ubavu wa basi, "siku ile sikuona kinga. Nilikuona wewe. Nikageuka."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona ukigeuka. Mchezo wenyewe sikuuelewa, nilidhani wanachezeana fimbo tu. Kwenye basi nikamwambia mwanangu, umepata binti mwenye adabu, nilipoingia tu aligeuka. Akaniuliza, aligeuka saa ngapi, baba? Nikamwambia, mlipokuwa mnachomana."

"Kwa hiyo alijua! Tangu siku ileile!"

"Alijua. Aliona aibu kwa aliyokutamkia. Lakini alisema, baba, kama hakuona, kwa nini alisema haipo? Aniambie mwenyewe tu, nitarudi kwa miguu. Akangoja. Sisi nyumbani tukamwambia anangoja mvua ya kiangazi."

"Na mimi nilikuwa namngoja yeye," alisema Ikupa.

"Basi mmengojana, mwanangu." Mzee alikohoa. "Amechumbia huko Rungwe. Binti anaitwa Yudith. Hawezi kumwacha sasa, ndiyo maana hakuja."

Ikupa alilia pale pale, hakujali makondakta. Mzee alisimama akimkinga na upepo.

"Geuka, Ikupa," alisema mwishowe.

"Siwezi, Baba. Ni mwiko."

"Si mwiko tena. Ng'ombe wamerudi kwetu Jumamosi iliyopita. Baba yako amekuandikia, mmepishana na barua njiani. Geuka tu, nikusalimie kama mtoto wa watu."

Ikupa aliiteremsha kanga. Akageuka polepole, akauinua uso, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamtazama Mzee Sedekia usoni. Alikuwa na macho ya Anyitike.