Kioo cha Trela

Kila jioni baada ya masomo, watoto wa Ekero walingojea trekta za miwa kando ya barabara. Trekta ikipunguza mwendo, wao hao, wanalikimbilia trela na kuchomoa miwa. Wazazi walikataza na walimu walichapa, lakini utamu wa muwa wa kuchomoa ulishinda fimbo zote. Lynette wa darasa la sita alikuwa mstari wa mbele, ingawa baba yake, Erastus, alikuwa dereva wa trekta.

Erastus aliuogopa mchezo huo. Akiwa kwenye usukani, shehena ya miwa ilimziba asione nyuma. Ndipo mwaka wa 1996 akatafuta kioo cha lori kuukuu, akakifunga kwa bolti kwenye chuma kirefu kilichochomoza ubavuni mwa trela. Tangu siku hiyo, kila mtoto aliyesogea alionekana, na Erastus alisimama kumfukuza.

"Baba yako anatuonanga sana siku hizi," Onesmus, mwanafunzi mwenzake Lynette, alinung'unika. "Tutakula miwa lini?"

"Wewe ngoja tu," Lynette alijibu.

Ijumaa hiyo Erastus aliegesha trekta sokoni, akaingia hotelini kunywa chai. Lynette akapanda na kukigeuza kile kioo, kwa kiasi kidogo tu. Badala ya barabara, sasa kilionyesha mashamba ya miwa.

Erastus alipoondoka, watoto walilivamia trela wakivuta na kucheka. Isaiah, mdogo wake Lynette mwenye miaka sita, alishika muwa uliokwama, akakataa kuuachilia. Mara trekta ikanasa kwenye matope. Erastus akatazama kioo, hakuona mtu, akarudi nyuma ili ajinasue.

Isaiah alipiga yowe. Gurudumu lilikuwa limeukanyaga mguu wake.

Katika hospitali ya misheni, daktari alisema mguu hautakatwa, lakini mtoto atachechemea maisha yake yote. Mzee Osundwa, mwenye trekta, alikuja kuchukua ufunguo.

"Pole sana, Erastus," alisema. "Lakini dereva asiyemwona mtoto kiooni, nitampaje trekta?"

Baba hakubisha, na hilo lilimkata Lynette maini.

"Macho yangu yamekufa, Mama Lynette," alimwambia mkewe. "Nilitazama. Mungu anajua nilitazama, na sikumwona mwanangu."

Akasukuma kando sahani ya obusuma, ugali ukiwa haujaguswa. Tangu hapo alikuwa akikaa mlangoni, anafumba jicho moja na kukitazama kiganja chake, kisha anafumba la pili. Lynette alimwona na kunyamaza. Alitamani mguu uliovunjika ungekuwa wake.

"Usiseme," Onesmus alimnong'oneza. "Kioo hakina mdomo."

Siku moja Lynette na baba yake walikwenda kumwona Isaiah. Walipofika barabarani, baba alisimama na kumshika mkono.

"Niangalizie, mwanangu. Barabara iko wazi? Mimi sijiamini tena."

Lynette alishindwa kuvumilia. Alipiga magoti hapo hapo.

"Nisamehe, Baba! Macho yako ni mazima. Mimi ndiye niliyekigeuza kioo, ili usituone tukichomoa miwa."

Baba hakumpiga. Aliketi kwenye nyasi, akafunika uso, akalia. Lynette hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia.

Jioni hiyo Lynette alirudia maneno yale mbele ya Mzee Osundwa. Mzee akamrudishia Erastus ufunguo. Kesho yake fundi aliitwa akichomelee kioo, mkono wowote usiweze kukigeuza tena.

Kabla fundi hajaanza, baba alimwita Lynette.

"Kukigeuza kioo ulikosa, mwanangu, na mdogo wako ameumia. Lakini mimi uliniacha nijione kipofu, na wewe dawa ulikuwa nayo mdomoni. Ukikosea, sema mapema. Ukweli uliochelewa umenirudishia kazi. Mguu wa Isaiah hautaurudisha."

Lynette aliinamisha kichwa.

"Sasa nenda kasimame nyuma ya trela, pale alipokuwa Isaiah. Nataka nione kama kioo kimekaa sawa."

Lynette alikwenda akasimama, machozi yakimtiririka. Juu kwenye usukani, baba alitazama kioo. Kisha akainua mkono. Alikuwa amemwona.