Sahani ya Wageni

Mama Pacha alikuwa mkulima, ila shamba lake lilikuwa baharini. Alipanda mwani. Maji yakipwa, aliingia mpaka magotini, akafunga vipande vya mwani, ndiyo mbegu yake, kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti.

Msimu huo mwani ulipauka ncha, ukawa mweupe, ukakatika. Mbegu iliyosalia ilikuwa kikapu kimoja. Ikifa hiyo, kilimo kimekwisha. Aliumia roho sana.

"Ni jua," alisema mumewe, mtu asiyekosa jibu. "Maji ya hapa yamekuwa ya kukandia mgongo! Tuuzamishe kule kwenye kina. Chini kuna ubaridi."

Wakafunga mawe kwenye kamba, wakazamisha nusu ya mbegu mpaka chini kabisa. Baada ya wiki mbili waliivuta. Mwani ulikuwa umekonda, umelegea, hauna rangi. Mama Pacha alikaa mtumbwini akalia. Mumewe alifungua mawe, akakusanya kamba.

Jirani yao alikuwa mtafiti wa bahari. Alipoona kamba zile uani, hakuwacheka.

"Shemeji, joto umelijua," alimwambia Baba Pacha. "Njaa ndiyo umeisahau."

"Njaa gani, na bahari yote ile?"

"Mwani huishi kwa mwanga. Mama Pacha, nipe sahani nyeupe."

"Ninayo ya wageni tu!"

"Nitairudisha nzima."

Kesho yake asubuhi walienda wote kwenye kina. Mtafiti aliitia sahani kwenye kipande cha wavu chenye jiwe, akaiteremsha kwa kamba.

"Mama Pacha, sema ukiacha kuiona."

"Naiona... bado naiona... Imepotea!"

Mtafiti alipima kamba kwa mikono. Sahani ilikuwa imeshuka pima tatu tu. Chini kabisa kulikuwa pima nane.

"Mwanga mwingi wa jua huishia huku juu," alieleza. "Mimea ya bahari hukua humu, hata ile midogo isiyoonekana kwa macho, inayoliwa na dagaa. Kule kwenye maji machache mwani wenu uliungua. Chini mliufungia chumba cha giza."

"Maskini, kumbe tuliutesa," alisema Mama Pacha. "Sasa tuuweke wapi?"

"Hapa hapa penye kina, lakini uelee. Nusu mita chini ya uso wa maji. Mwanga utaupata, na maji ya kina hayachemki upesi."

Walifunga chupa tupu kwenye kamba ili zielee, wakatia nanga kila upande. Nusu ya mwisho ya mbegu ikafungwa hapo.

Wiki sita baadaye, kamba moja iliwashinda kuinyanyua. Mwani ulikuwa mnene, mweusi, unateleza. Mbegu peke yake ilijaza vikapu vinne.

"Si nilisema kwenye kina?" alijigamba Baba Pacha.

"Ulisema chini, mume wangu."

Mtafiti alipoalikwa kula, alipakuliwa kwenye sahani ya kila siku. Ile ya wageni ilikuwa imeazimwa na mkulima mwenzao, aliyekuja asubuhi akilia na mwani mweupe mkononi.