Kitanzi Ndani ya Kichupa

Raheli alishuka mlimani alfajiri, tenga la kabichi kichwani, kama kila siku ya gulio. Alipofika sokoni Soni hakuuza hata moja. Tumbo lilimkamata, akakaa chini, na alipotaka kuinuka akaona damu. Akina mama wa sokoni wakamfunika kanga, wakampandisha lori la viazi, likamkimbiza hospitali.

Alipozinduka, daktari hakumficha.

"Mama, kile kitanzi cha kupanga uzazi ulichowekewa kliniki ni kibovu. Uzi wake umefumuka, ukaingiza uchafu hadi ndani. Kizazi kilijaa usaha. Tumelazimika kukitoa kizazi chenyewe ili uishi."

Raheli alikuwa na watoto wawili tu. Aliweka kitanzi ili apumzike, si ili akome. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaomba apewe hicho kitanzi akione. Muuguzi akampa ndani ya kichupa cha dawa.

Nyumbani, mama mkwe wake, Dorkasi, alipokiona kichupa dirishani alishika kichwa.

"Kilichotoka mwilini mwa mwanamke hakikai dirishani kama chumvi! Kinazikwa mgombani, watu wasijue."

"Mama, naomba kikae kwanza."

"Kikae kingoje nini? Wachawi?"

Raheli akamgeukia Fanueli, mumewe, naye akaangalia moto. "Mama ameshasema," akajibu. Basi.

Asubuhi dirisha lilikuwa tupu. Raheli alishika mshono wa tumbo, akajikongoja hadi mgombani. Shimo limeshachimbwa, kichupa kimo ndani, na Dorkasi ameinua jembe kuvuta udongo.

"Mama, usifukie!"

"Shikamoo mama! Hebu ngoja!" Sauti nyingine ilitoka njiani. Alikuwa Mwanamisi, Bibi Maendeleo, yaani afisa wa maendeleo ya jamii wa kata, aliyesikia habari za kitanzi akaja kumjulia mgonjwa hali.

"Marahaba. Haya ni ya nyumbani, Bibi Maendeleo. Kakae ndani, nitakuja."

"Yamefika Rangwi pia, mama. Na Mombo. Wanawake watatu, kitanzi cha aina hiyo hiyo. Wanaishitaki kampuni iliyokileta."

"Mtu anashitaki kidude?"

"Anamshitaki aliyekiuza. Ukiuza kitu kibovu kikamuumiza mtu, sheria inakudai fidia. Lakini hakimu hahukumu kwa machozi, anataka kuona. Mmoja wao alitupa chake jikoni, kikaungua. Sasa anahangaika. Ukifukia hicho, umefukia haki ya Raheli."

"Na akisimama kortini? Kanisa zima lijue mkwe wangu hana kizazi?"

Hapo ndipo palipouma. Raheli akapiga magoti kando ya shimo.

"Watajua, mama. Wakinisema, nitasikia. Lakini nikinyamaza, kesho watamwekea mwingine hiki hiki."

Jembe lilibaki juu. Mwisho Dorkasi akalitupa kando.

"Kichukue mwenyewe. Mimi sikigusi tena."

Mwanamisi akamwelekeza Raheli: kichupa kisifunguliwe, kadi ya kliniki itunzwe, daktari aombwe kuandika alichokiona. "Na twende upesi. Sheria ina muda wake. Ukipita, mlango unafungwa."

Kesi ilisikilizwa Tanga. Wakili wa kampuni alimzunguka Raheli kama kunguru.

"Unabeba mizigo mizito, sivyo? Huenda ulijiumiza mwenyewe."

"Nimebeba kabichi tangu nikiwa msichana. Mama yangu amebeba, bibi yangu amebeba. Kabichi haijamtia mtu usaha tumboni."

Watu wakacheka. Wakili hakucheka. Akainua kichupa. "Na tutajuaje kwamba hiki ndicho kilichotoka kwake?"

Raheli aligeuka, akawatazama watu wake kwenye benchi.

Ndipo Dorkasi aliposimama. Hakimu akamwita mbele, akaapishwa.

"Hicho alirudi nacho kutoka hospitali. Mimi nilikiiba nikakichimbia shimo, mkwe wangu akiwa na nyuzi tumboni. Kama si chake, huyu bwana aseme nilikuwa nazika nini!"

Wakili akakaa.

Wanawake wote wanne walishinda, hata yule ambaye chake kiliungua, maana kadi yake ya kliniki ilionyesha kilikuwa cha aina hiyo hiyo. Fidia haikumrudishia Raheli kizazi, lakini kitanzi kile kiliondolewa kliniki zote za mkoa.

Siku moja kliniki, Halima, mwanamke kijana wa jirani, alimnong'oneza Raheli.

"Dada, sasa mimi niogope kupanga uzazi?"

"Usiogope. Viko vitanzi vizuri, na njia nyingine pia. Ila uliza. Ni chombo gani? Kimepimwa usalama wake? Nikiumwa nije kwa nani? Na ukisikia homa au maumivu, usingoje gulio lipite. Njoo siku hiyo hiyo."

Jina la Halima likaitwa. Akajifunga kanga vizuri, akaingia.

"Shikamoo, nesi. Kabla hujanishika, nina maswali."