Mgongo Uliobeba Neno Bure

Majirani zangu, na nyinyi msiokaa mtaa wetu lakini mna mtaa wenu, nipeni sikio kidogo. Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu imepakana na ua wa bwana mmoja tunayemwita Kabati, kwa sababu anauza makabati ya mitumba, na kwa sababu yeye mwenyewe akisimama mlangoni mwanga hauingii. Haya nayasema kwa ruhusa yake. Aliniambia, "Sema yote, jirani, usinipunguzie."

Zamani asubuhi za ua ule zilikuwa raha tupu. Mke wake, ambaye mimi humwita shemeji, alikaa kwenye kigoda na bisibisi mkononi, akilifungua kabati vipande vipande huku akiimba wimbo ambao maneno yake aliyabuni papo hapo. Kila ubao aliuandikia namba kwa chaki upande wa ndani. Skrubu na bawaba zote za kabati hilo alizitia kwenye soksi moja, akaifunga fundo, akaiviringisha pamoja na mbao zake. Kabati moja, soksi moja. Soksi zenyewe zilikuwa za watoto wao, ambao wameshakua na kuhamia kwao, na hakuna hata moja iliyokuwa na mwenzake.

"Shemeji," nilikuwa nikimtania, "makabati yako yanavaa vizuri kuliko mimi."

"Lete mguu, shemeji, nikupimie," alinijibu.

Kisha lori lilikuja na wapagazi wawili, mbao zikapakiwa, na huko kwa mteja kabati likasimama tena bila kukosa hata skrubu moja. Kwenye ukuta unaotazama barabara Kabati alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za bango la uchaguzi: TUNAKULETEA BURE. Wakati ule nauli ya lori ilikuwa ndogo, akaimeza ndani ya bei ya kabati, wala hakuna aliyeumia. Neno lile lilimpa jina, na jina lilimpa kichwa kikubwa kidogo.

Siku moja dereva wa lori alifika, akazima injini. Hilo peke yake lilinishtua, maana yule bwana alikuwa akiiacha ingurume hata akiwa anakunywa chai.

"Bosi, nauli imepanda," alisema. "Mafuta yamepanda, tairi zimepanda, hata makanika wangu naye kapanda. Sasa ni mara mbili ya ile ya zamani."

"Mara mbili!" Kabati alishika kiuno. "Kwani makabati yangu yamenenepa?"

"Mimi siuzi kilo, nauza nafasi. Wewe unaniita kwa kabati moja. Nabeba hilo moja, pembeni nabeba upepo. Na upepo nao siku hizi una nauli."

Shemeji alikuwa kwenye kigoda chake, na aliyasikia yote. Dereva alipoondoka alisema, "Baba watoto, mbona dawa yake ipo? Tungoje yajae. Mbao zikilazwa juu ya mbao, lori moja linachukua makabati kumi. Jirani hapa ana makochi yake, tuchange naye nauli. Safari moja, Jumamosi, tunazunguka mitaa yote. Na lile neno ukutani ulifute, watu tuwaambie nauli ni kiasi gani."

Laiti angemsikiliza. Lakini alimtazama kana kwamba ameambiwa avue suruali barabarani.

"Nifute? Watu watasema nimefilisika. Yule mwenye duka la ng'ambo ya barabara atacheka mpaka adondoke kitini. Neno langu ni neno langu."

Wenzangu, mtu akitetea neno lake msimsifu haraka. Muulizeni kwanza neno hilo analitimiza kwa mali ya nani.

Basi lori halikuitwa tena. Kabati aliazima mkokoteni. Baada ya wiki mbili akaona wapagazi nao wanamla, akawaachisha kazi. Mkokoteni wa namna ile unataka mtu mbele na mtu nyuma. Mbele alikuwa yeye. Nyuma, mnajua alikuwa nani.

Mwanzoni waliyapeleka yakiwa yamefunguliwa. Baadaye Kabati akasema kufungua kunakula asubuhi nzima, na kufunga kunakula mchana, hivyo wanaweza kufika kwa mteja mmoja tu kwa siku. Yaende mazima. Kigoda kikabaki kitupu, soksi zikalala kwenye ndoo. Nikawa nawaona wakitoka na kabati zima limesimama mkokotenini limefungwa kamba, shemeji ameliegemezea bega kwa nyuma asionekane, utadhani linatembea lenyewe. Na watu wa barabarani walisifu! "Kabati kweli ni mwanamume, gharama zote hizi na bado analeta bure!"

Wimbo haukusikika tena. Niliona akiinuka kwa kushika ukuta. Niliona akiweka ndoo ya maji chini mara tatu kabla ya kufika mlangoni. Nilimwambia, "Pole na kazi, shemeji." Pole niliitoa, ndugu zangu, mkono sikuutoa. Hilo linanichoma mpaka leo.

Asubuhi moja, nikiwa napigilia msumari, nilisikia anamwambia mumewe, "Baba watoto, mgongo huu hauniachi nilale."

"Jichue na ile dawa. Kipindi kigumu hiki, kitapita."

"Kitapita juu yangu."

Kabati alicheka, akadhani ni utani. Shemeji ni mtu wa utani, lakini siku ile hakuwa akitania.

Mteja aliyefuata alikuwa mwalimu mstaafu, bibi mmoja anayekaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Alinunua kabati la milango mitatu, la mbao nzito, lenye kioo katikati. Yaliyotokea ngazini nimeyapata kwake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amesimama juu, mlango wazi, akiwangoja.

Walifika kona ya ghorofa ya pili, kabati likakwama. Kabati alikuwa juu akilivuta kwa kamba, shemeji chini akilizuia kwa bega na mikono yote miwili. Ngazi zenyewe nyembamba, ukuta mmoja huku, mwingine kule.

"Baba watoto," shemeji alisema, pumzi ikimkatika, "tulishushe hapa kwenye kona, tulifungue. Tutachelewa kidogo tu."

"Zimebaki ngazi kumi! Sukuma!"

"Sina nguvu."

"Sukuma, mama watoto, tunaangaliwa!"

Akasukuma. Kioo kiligonga ukuta kikapasuka, Kabati akashtuka, na kamba ikateleza kwenye viganja vilivyoloa jasho. Kabati la milango mitatu likashuka. Kwa bahati halikumwangusha mpaka chini; lilimbana ukutani pale pale konani. Mwalimu anasema hakusikia kelele za mwanamke. Alisikia za mwanamume. Watu wa ghorofa zote walitoka, wakalinyanyua, na shemeji akabebwa juu ya mlango mmoja wa lile kabati uliokuwa umeng'oka. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Nilipofika hospitali niliwakuta Kabati na Mwalimu kwenye benchi ndefu ya ukumbini. Muuguzi alitoka akampa Kabati mfuko wa nguo za mkewe. Gauni lilikuwa zito upande mmoja. Alitia mkono mfukoni, akatoa bisibisi, kipande cha chaki, na soksi ndogo ya kijani, tupu.

Hakuna aliyehitaji kutueleza. Shemeji alikuwa amebeba vyombo vyake vya kazi njia nzima, akingoja mumewe akubali tu. Huenda alivibeba siku zote zile.

Mwalimu akauliza kwa upole, "Mwanangu, kwa nini hamkuja na wapagazi?"

"Gharama zimepanda, Mwalimu."

"Si ungeniambia?"

"Niliahidi bure."

"Mimi sikukuomba bure," alisema yule bibi. "Nilitaka kabati. Hiyo bure niliikuta ukutani kwako. Ungenitajia nauli ningelipa, na mkeo angeingia kwangu kwa miguu yake, tukanywa chai."

Lile jitu likainama likalia kwa sauti, soksi ya mtoto ikiwa imebanwa kwenye kiganja kilichochunika kwa kamba. Nami nililia, sitaki kuwadanganya.

Shemeji alipona, lakini si yule wa zamani. Anatembea kwa fimbo, na ndoo ya maji hatainyanyua tena maishani. Siku ya tatu tangu ajali, Kabati aliufuta ukuta kwa mikono yake, huku mwenye duka la ng'ambo akimtazama. Hakucheka. Alivuka barabara akauliza kama lori la Jumamosi litakuwa na nafasi ya vitanda vyake viwili.

Kwa hiyo ule mpango uliotoka kigodani siku ile ndio tunaoufuata sasa. Makabati yanafunguliwa, yanalazwa, makochi yangu yanakaa juu, vitanda vya lile duka la ng'ambo vinachomekwa pembeni, na dereva habebi upepo tena. Nauli tunaigawana, na kila mteja anatajiwa yake kabla hajatia mkono mfukoni. Wapo waliosikia nauli wakaenda zao, siwafichi. Wapo waliokuja na mkokoteni wao wakabeba wenyewe. Wengi wamelipa bila hata kukunja uso. Kabati ndiye anayefungua skrubu siku hizi, mkewe anaandika namba na kumkosoa, na wimbo umerudi, ingawa una mistari ya kumsema mtu fulani mnene.

FUNZO

Ndugu zangu, gharama zikipanda hazipandi hewani, zinapanda juu ya mtu. Usipomwambia mteja, utamtwisha mwenzako. Ukimwachisha mpagazi kazi, mzigo hauondoki naye. Unabaki pale pale ukimtafuta aliye karibu, na aliye karibu kuliko wote ni yule anayekupenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha gharama huumbuliwa na nyumba yake. Mfanyabiashara, sema bei ya kweli, tafuta wenzako mchangie lori, na usione haya kufuta neno lililokushinda. Mnunuzi, ukiambiwa kitu kizito kinaletwa bure, uliza nani anakibeba. Nasi majirani, tuache kugawa pole kwa mdomo wakati tuna mikono miwili.

Na kama maneno yangu hayajawaingia, mpitie siku moja pale uani. Juzi alikuja mteja wa zamani, akautazama ukuta mweupe, akamuuliza shemeji kwa mshangao, "Mama, hapa si mlikuwa mnaleta bure?"

Shemeji aliweka chaki chini, akaishika fimbo yake.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naibeba mimi."